Kanda Zisizosikilizwa: Banissa na Mipaka ya Uhakiki wa Wimbo

Ni muhali kuipata idara ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki isiyofundisha wimbo. Wimbo huainishwa kwa makundi yake: bembezi, nyiso, hodiya, kimai, tumbuizo. Mwanafunzi huulizwa fani na maudhui, huulizwa dhima na muktadha. Hujibu, hupita mtihani. Hata hivyo nyimbo zenyewe aghalabu hufika darasani zikiwa zimekaushwa juu ya karatasi, bila sauti, bila ala, na bila zile zilizotangulia na zile zilizofuata. Taarabu imebahatika kidogo. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri, anatajwa. Bi Kidude anatajwa. Na muziki wa dansi wa Mbaraka Mwinshehe haukosi wa kuuandikia tasnifu. Lakini ramani ya wimbo unaohakikiwa huanzia Unguja, hupanda na pwani hadi Lamu, huingia bara kwa njia ya reli hadi Nairobi, na hapo hukoma. Kaskazini mwa Mto Tana ni kimya.

Banissa imo ndani ya kimya hicho. Ni mji mdogo wa magharibi mwa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, si mbali na Mbuga ya Malka Mari na Mto Daua. Wakazi wake wengi ni Wagarre, ambao kwa desturi huzungumza Kigarre, kilicho jamaa wa karibu wa Kisomali, na wengi wao huzungumza Kiborana vilevile, ambacho ni tawi la Kioromo. Kiswahili huwajia kutoka kusini: kwa mwalimu, kwa askari, kwa karani wa ofisi ya serikali, kwa utingo wa lori, na kwa redio. Kwa hiyo mpenzi wa muziki aliyelelewa Banissa husikiliza kwa lugha tatu kabla hajamaliza shule ya msingi. Akiulizwa apendekeze kanda chache ambazo hazijapewa heshima zinazostahili, orodha yake haitafanana na ya mwenzake wa Mombasa au Nairobi. Makala haya yanashikilia kwamba orodha hiyo ya Banissa ndiyo inayomfaa zaidi mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, na kwamba kutoisikiliza kunamnyima mwanafunzi huyo kipimo cha kujipimia.

Pana haja ya kueleza kwanza kwa nini mjadala uwe wa kanda nzima wala si wa wimbo mmoja mmoja. Redio hucheza wimbo mmoja. Simu ya mkononi nayo huuchomoa wimbo na kuuchanganya na mia nyingine. Kanda ilikuwa na upande wa kwanza na upande wa pili; msanii ndiye aliyeamua ni wimbo upi ufungue, upi ufunge upande, na upi ukae katikati ukipumzisha sikio. Msikilizaji hakuruka kwa wepesi. Aliyetaka kuruka, na hali betri zenyewe ni za kuhesabu, alichukua kalamu ya Bic akaizungusha kaseti kwa mkono. Kanda, kwa maana hiyo, ni diwani. Hakuna mhakiki anayethubutu kutoa hukumu juu ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla kwa kusoma shairi moja lililonyofolewa. Mbona basi nyimbo zinyofolewe kila siku na hakuna anayeona vibaya?

Kanda ambayo ingestahili kutangulia mezani ni New Dawn ya kundi la Waaberi, iliyotolewa mwaka wa 1997 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Waaberi lilikuwa kundi la taifa la Somalia, lenye waimbaji, wachezaji na waigizaji, hadi vita vilipolitawanya. Sauti inayotawala katika kanda hiyo ni ya Maryam Mursal. Mwaka wa 1986 mama huyu aliimba wimbo wa kuikejeli serikali ya Siad Barre, akapigwa marufuku kuimba, akaendesha teksi mjini Mogadishu. Vita vilipozidi alitoka na watoto wake watano, wakasafiri kwa muda wa miezi saba, kwa miguu, kwa malori na kwa punda, wakipitia Kenya na Ethiopia hadi Jibuti, na hatimaye Denmark ikampokea.

Mwaka uliofuata, yaani 1998, kampuni iyo hiyo ilitoa kanda yake mwenyewe, The Journey, na hiyo ndiyo iliyotangazwa zaidi Ulaya. Ina gitaa za umeme na midundo ya mashine, na hata Peter Gabriel ameitikia ndani yake. Si kanda mbaya. Ila ala zimerundikwa hata maneno yanatafuta mahali pa kupenya, na wimbo wa Kisomali ukinyimwa maneno yake hubakiwa na mapambo tu. New Dawn haina rundo hilo. Udi unaongoza, ngoma zinafuata kwa adabu, na kila konsonanti inasikika inapotua. Anayejua Kisomali hufuata maana. Asiyekijua hufuata jambo jingine ambalo kwa mwanafunzi wa ushairi lina thamani kubwa pia, nalo ni sheria ya sauti.

Ushairi wa Kisomali haukufungwa kwa vina vya mwisho kama ushairi wa Kiswahili. Nguzo yake ni takriri ya sauti ya mwanzo. Mtunzi akichagua, tuseme, sauti ya d, basi kila mshororo sharti uwe na neno linaloanza kwa d, na iwe hivyo hadi mwisho wa utungo, uwe na mishororo ishirini au mia mbili. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Mnamo mwaka wa 1979 na 1980 washairi wa Somalia walijibizana kwa mfululizo mrefu wa tungo uliojengwa juu ya herufi hiyo hiyo ya d, ukaitwa Deelley. Na majibizano hayo, yaliyogusa siasa na ukabila, yalisambaa kwa kaseti kutoka mji hadi mji. Lugha yenyewe ilikuwa imepata hati rasmi mwaka wa 1972 tu, hivyo kaseti ikafanya kazi ya kitabu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma malumbano ya Muyaka na washairi wa Lamu husifu, na ni haki yake kusifu, jinsi mashairi yalivyovuka bahari kwa barua. Je, si jambo la maana kwake kujua kwamba majirani zake wa kaskazini walifanya kama hayo kwa utepe wa sumaku, wakati ambapo walimu wake walikuwa vijana?

Ubishi maarufu kati ya wanamapokeo na wanamapinduzi ungenufaika pia kwa ulinganisho huu. Kwa miaka mingi watu wameulizana iwapo shairi bila vina ni shairi. Msikilizaji wa Banissa angelishangaa swali lenyewe, maana masikio yake yamezoea utungo usio na kina hata kimoja cha mwisho, na bado una kanuni kali pengine kuliko tarbia.

Wimbo wa Kisomali wa kisasa, ni vyema ikumbukwe, una asili ya barabarani. Abdi Sinimo, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa balwo, zile tungo fupi za mapenzi zilizoenea katika miaka ya 1940, alikuwa dereva wa lori. Naye Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali na ambaye udi wake uliifungulia njia aina hiyo ya wimbo, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka wa 1924. Moshi! Baba wa muziki wa Kisomali alizaliwa chini ya Kilimanjaro, na mihadhara ya muziki wa Afrika Mashariki inampita kana kwamba alizaliwa mwezini.

Udi huo ndio unaomfanya msikilizaji wa Banissa asiione taarabu kuwa kitu kigeni. Katika orodha yake ingeingia Mtindo wa Mombasa ya Zein l'Abdin, iliyotolewa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwaka wa 1990. Zein ni mzaliwa wa Lamu, bingwa wa udi, na aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Kila mwanafunzi wa Kiswahili analijua jina la Nabhany, mwasisi wa neno runinga, mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo. Wangapi wamewahi kumsikia mshairi huyo akiimbwa? Upigaji wa Zein ni wa polepole. Huuacha mshororo umalizike, kisha vidole hutoa maoni yao, kisha mshororo mwingine huanza. Wapenzi wa chakacha za Zuhura Swaleh, ambaye kanda yake Jino la Pembe ni tamu kwa namna yake, huenda wakamwona Zein kuwa mzito. Uzito huo ndio unaomfaa msomaji wa ushairi, kwa kuwa humpa muda wa kufikiri kati ya mshororo na mshororo.

Mkondo wa tatu wa Banissa unatoka ng'ambo ya mpaka. Hachalu Hundessa alizaliwa Ambo, Ethiopia, akatiwa gerezani akiwa kijana mdogo, akakaa humo miaka mitano hadi 2008. Nyimbo za kanda yake ya kwanza, Sanyii Mootii, iliyotoka mwaka wa 2009, alizitunga akiwa kifungoni. Mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili angepaswa kushtuka hapo, kwa kuwa diwani inayoheshimiwa kuliko nyingi katika silabasi yake, ile ya Abdilatif, ilizaliwa gerezani vilevile, kati ya 1969 na 1972. Vijana wawili, lugha mbili za Afrika, vizimba viwili, na hakuna tasnifu inayowaketisha pamoja kwenye rafu za idara. Kanda ya pili ya Hachalu, ya mwaka wa 2013, inaitwa Waa'ee Keenya. Mkenya asiyejua Kioromo atadhani msanii anaisema nchi yake. Keenya ni "-etu", na jina zima lina maana ya "habari zetu". Si vibaya akilielewa kwa njia zote mbili. Hachalu aliuawa kwa risasi mjini Addis Ababa tarehe 29 Juni 2020, na huzuni yake haikukomea penye kizuizi cha mpakani, kwa sababu Kioromo chenyewe hakikomi hapo.

Garissa nayo ina la kutoa. Kundi la akina mama wa Kisomali wa mji huo, Gargar, jina lenye maana ya msaada, lilirekodi kanda iitwayo Garissa Express katika studio ya Ketebul Music, Nairobi. Ni kanda ya makofi, ngoma na sauti zinazopokezana, na mhakiki mwenye haraka ataiita "ngoma ya harusi" na kuiweka kando. Atakuwa amekosea. Wanawake wa Kisomali wana bahari yao ya ushairi, buraanbur, iliyotengwa na ya wanaume kwa mizani yake na kwa hafla zake, na upokezanaji wa Gargar unasikika vyema zaidi na mtu anayejua kwamba nyuma yake pana mapokeo hayo. Katika orodha hii nzima kanda hiyo ndiyo pekee iliyorekodiwa Kenya na kutolewa na Wakenya, ikihusu watu wa Kaskazini Mashariki wenyewe. Ndiyo pia isiyotajwa kabisa. Penye miti hakuna wajenzi.

Vijana wa rapu hawahitaji kutetewa kwa kirefu, ingawa nao wana kanda zilizofunikwa. K'naan, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Kanada, anajulikana kwa wimbo mmoja wa Kombe la Dunia la 2010, ilhali kanda yake bora ni The Dusty Foot Philosopher ya 2005, iliyo na hasira na ucheshi wa mshairi wa kuhamahama. Kilio cha Haki ya mwaka wa 2004, iliyowakusanya wafokaji wengi wa Eastlands jijini Nairobi, ni shahidi wa Sheng ya wakati wake kuliko kamusi yoyote. Mwaka uo huo wa 2004 vijana wakimbizi wa Eastleigh waliunda Waayaha Cusub, wakaimba kwa Kisomali na kuwakemea wapiganaji, na mwaka wa 2007 kiongozi wao akapigwa risasi. Alinusurika.

Wapo watakaouliza: haya yote yana uhusiano gani na Kiswahili? Idara ya Kiswahili si idara ya muziki, seuze ya Kisomali na Kioromo. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Anayefundisha kila kitu hafundishi chochote. Lakini inategemea dhana kwamba Kiswahili kina ukuta kaskazini, na ukuta huo haupo. Kibajuni huvuka mpaka hadi Kismayu. Barawa, ndani ya Somalia, kuna Chimiini, lahaja iliyotungiwa tenzi za dini na washairi kama Dada Masiti, mwanamke ambaye angestahili kukaa darasani jirani na Mwana Kupona. Kwa karne nyingi Kiswahili kimeishi nyumba moja na Kisomali, kikisikilizana nacho na kukopana nacho. Kumfundisha mtu fasihi ya Kiswahili huku amezibwa sikio la kaskazini ni kumfundisha nusu ya ujirani wake.

Wapo pia wapingaji wa upande wa pili, na hawa ni wa Banissa yenyewe: wazee na masheikh ambao kwao ala za muziki hazina heri, wanaoridhia kasida na hawaridhii udi. Mhakiki hana mamlaka ya kuwaamulia. Anachoweza kufanya ni kutambua kwamba upuuzaji wa kanda hizi haukutoka Nairobi peke yake, na kwamba anayekwenda kuzitafuta atabisha hodi kwenye nyumba zitakazokana kuwa nazo.

Naye hana muda mrefu wa kubisha. Utepe wa kaseti huchakaa; joto na vumbi huuharakisha, na Mandera haina upungufu wa joto wala wa vumbi. Mwaka wa 1988, ndege za Siad Barre zilipoupiga mji wa Hargeisa, kanda za redio ya mji huo ziliokolewa kwa kufukiwa ardhini na kwa kupelekwa nchi za jirani. Sehemu ya urithi huo ilichaguliwa na kampuni ya Ostinato ya New York ikatolewa mwaka wa 2017 kwa jina la Sweet as Broken Dates, na mkusanyo huo ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kanda Volume 5 ya Dur-Dur Band, iliyorekodiwa Radio Mogadishu mwaka wa 1987, nayo ilifufuliwa Marekani mwaka wa 2013. Ni kanda ya kinanda na gitaa za besi, ya kucheza kabla ya kutafakari, na jina la bendi ni chemchemi. Mtu wa nchi kavu hahitaji kufafanuliwa. Zote mbili ni kazi njema. Lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, bei yake ni ya dola, na msikilizaji aliyekusudiwa yuko Brooklyn au Berlin. Walioziokoa nyimbo hizo wameziokoa kwa ajili ya watu wao, kama ilivyo haki yao.

Upande wa Kenya hakuna aliyehitaji kufukia kaseti ili aziepushe na mabomu, na huenda ndiyo sababu hazikuhesabiwa kuwa hazina. Wanafunzi wanaotoka Mandera, Wajir na Garissa wamo katika idara za Kiswahili, nao huenda makwao kila likizo ndefu. Chama cha wanafunzi kinachoweza kulipia basi la safari ya Lamu kinaweza kununua mashine ya kunakilia kaseti. Kazi inayofuata ni kuyaandika maneno ya nyimbo hizo na kuyafasiri kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza. Na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu wa New York, wala na mhadhiri wa Nairobi asiyejua Kigarre. Yamkini aliye tayari ameketi safu ya nyuma ya ukumbi wa mihadhara, akiandika ufafanuzi wa kimai, wimbo wa mabaharia, naye bahari ameiona mara moja au hajaiona.

Kwa anayetaka kuanza kusikiliza kabla mashine haijanunuliwa, mpangilio ufuatao utamfaa. Atangulize Zein, kwa sababu lugha ataielewa na udi utamfungulia sikio. Afuatishe New Dawn usiku, akiwa peke yake, bila kutafuta tafsiri mara ya kwanza, akisikiliza tu ni konsonanti gani inayorudi. Kisha Sanyii Mootii, huku Sauti ya Dhiki ikiwa wazi mezani. Garissa Express aisikilize mchana, pamoja na watu, na ikiwezekana awepo mama wa Kisomali wa kumweleza ni lini makofi yanabadilika na kwa nini.